Vanishi Chini, Udi Juu

Nnayotaka kukwambieni hamtayaamini. Mimi mwenyewe, Munir, fundi wa mafeni na mapasi, lau si kuwa pua yangu ilikuwepo, nisingeyaamini. Nshakula chumvi nyingi katika mji huu, nimeona nyumba zikivunjwa na ugomvi, na urithi, na mvua ya masika. Lakini nyumba iliyotaka kuteketea kwa ajili ya adabu, nimeiona moja tu. Ni hii ya hapa Kiponda, anayokaa Bi Nassra, mtoto wa khalati yangu, yaani dada wa mamangu.

Bi Nassra kanizidi umri kidogo, na huko kunizidi amekufanya kazi ya maisha yake. Mumewe katangulia mbele ya haki, watoto washaoa na kuolewa, na yeye anakaa ghorofani peke yake katika nyumba ya zamani, ya mawe na boriti, yenye ngazi iliyosimama hasa. Mimi napumzika mara mbili nikiipanda. Yeye anaipanda na kikapu cha makaa, na akifika juu anauliza kwa nini nnahema.

Kazi yake kupika udi. Wako wanaouza udi, hao wamejaa. Yeye anapika, kama alivyokuwa akipika mama yake. Bibi arusi wa mjini akitolewa bila ya udi wa Bi Nassra, watu huulizana pembeni: "Kwani wamekosana?" Na msidhani ni kazi ndogo. Anachemsha shira ya sukari mpaka igeuke rangi, anatia udi uliopondwa, na sandali, na miski, na ambari, na mafuta ya mawaridi, anakoroga mpaka mkono uombe ruhusa, halafu anaumwaga kwenye sinia upoe. Na hapo unapopoa ndipo penye hatari. Udi ukipoa hunywa. Harufu yoyote iliyo karibu hunywa: kitunguu cha jirani, paka aliyepita, chochote. Ndiyo maana siku ya kupika mimi sikaribishwi. Ati nnanuka grisi.

Sasa chini yake, palipokuwa zamani ghala la mchele, akaja fundi Silima.

Silima ni mtu wa Uroa, mpole, hodari wa useremala. Anatengeneza vitanda vya samadari kwa mahoteli ya ufukweni, na mikono yake ina baraka kweli kweli. Vanishi yake ndiyo haina. Anaichanganya na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, anawasha kompresa, anapuliza, na harufu ile inapanda juu kama imealikwa. Kwanza macho yanalia. Halafu kichwa kinagonga. Halafu unaanza kukumbuka watu wote uliowakosea. Mimi kibanda changu kipo ng'ambo ya uchochoro, nimezoea kunusa waya ulioungua, lakini tina ile ilinishinda.

"Munir," Bi Nassra akanita siku moja kutoka dirishani.

"Naam!"

"Imepanda tena."

"Mwambie, dada. Ana masikio yule."

"Ntamwambia. Leo leo ntamwambia."

Akavaa buibui, akajitengeneza, akafungua mlango ashuke. Na nani yuko mlangoni? Silima, na sahani mkononi, imefunikwa kawa.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama kanipa nikuletee. Pweza wa nazi, wa kwetu Uroa. Kasema jirani wa mwanawe ni nduguye."

Haya, niambieni nyinyi mlio na akili. Mtu kasimama mbele yako na pweza wa mama yake, wewe utafungua mdomo umwambie kazi yako inanuka? Muhali, ile haya ya kumkatalia mtu, ulimkaba Bi Nassra hapo hapo kizingitini. Akapokea, akashukuru, akamwombea dua yule mama wa Uroa, akafunga mlango na tina ikimchoma macho.

Na sahani, mnajua mambo yetu, hairudi tupu. Akakaanga visheti, akaijaza, akanipa mimi niipeleke. Nilifika na visheti karibu vyote.

Wiki ya pili, Silima karudi kwao, kaja na sahani nyingine. Pweza tena. Bi Nassra akarudisha mkate wa mayai. Wiki ya tatu samaki changu wa kupaka. Akarudisha kaimati. Na kila sahani inayopanda, harufu nayo inapanda nyuma yake. Mimi katikati, tarishi wa sahani, nilinenepa mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeoa pahala.

Nikamshauri: "Dada, nenda kwa sheha. Ndiyo kazi yake, kusikiliza majirani."

Akanitazama kama nimemwambia aibe msikitini. "Nikamshitaki jirani, na pweza wake bado sijamaliza kumtafuna?"

Basi akaamua kupigana kwa silaha yake. Akatafuta pahala harufu inapotokea kwa nguvu zaidi, akapaona: kule pembeni mwa ukumbi, chini ya kabati la vyombo. Akalisogeza kabati, akaweka chetezo hapo hapo, akatia makaa, akatia udi, akachukua kipepeo akaanza kupepea. Tina ikija, anapepea. Ikizidi, anazidisha. Ukipita uchochoroni ungedhani juu kuna maulidi na chini kuna garaji.

Jambo moja tu lilinishangaza wakati ule. Vitanda vya Silima vilikuwa havitoki. Anapuliza leo, kesho namwona anapiga msasa kitanda kile kile, keshokutwa anapuliza upya. Nikasema moyoni, fundi huyu ama ana wazimu ama anapenda sana kitanda kile. Na kila akipuliza upya, Bi Nassra naye anapepea upya.

Ndivyo tulivyokuwa miezi kadhaa, mpaka alipokuja Bi Mashavu.

Bi Mashavu ni mwanamke wa Kiembe Samaki, mwenye sauti na mwenye sura ya kuidai sauti ile. Alikuwa akimuoza binti yake, Shadya, na udi wa harusi alishauagiza kwa Bi Nassra tangu posa. Siku hiyo kaja kuuchukua. Nami nilikuwepo, nimeitwa kutazama feni, feni ambayo haikuwa na ubaya wowote lakini chai ilikuwa tayari.

Bi Nassra akalitoa kopo kwa mikono miwili. Bi Mashavu akafungua, akaingiza pua. Akaitoa. Akaingiza tena. Halafu akafunika taratibu, kama mtu anayemfunika maiti.

"Bi Nassra," akasema, "mwanangu anaolewa. Hanunui fanicha."

"Unasemaje?"

"Unanuka kabati jipya. Nusa mwenyewe."

Bi Nassra akanusa. Akanusa tena. Uso wake niliuona ukibadilika, na haukubadilika kwa hasira. Akanipa mimi. Nikanusa, na wallahi, nyuma ya mawaridi, nyuma ya miski, kulikuwa na kitanda cha samadari kimesimama.

Bi Mashavu si mtu mbaya. Akamshika bega. "Mimi nakujua, na mama yako nilimjua. Nakuachia mpaka Jumatano, harusi Ijumaa. Ukinukia nachukua. Usiponukia, shoga yangu, nitachukua kwa mwengine, na watu wakiniuliza sitosema uongo." Akajitanda, akashuka.

Nikadhani Bi Nassra atapiga kelele. Hakupiga. Akakaa kwenye mkeka, kopo mapajani.

"Munir," akasema polepole, "mimi sikusikia kitu."

"Vipi hukusikia?"

"Nimenusa mara mbili. Sikusikia tina, sikusikia mawaridi. Nimesikia kitu kama maji." Akajishika pua kwa vidole viwili, kama mtu anayehakikisha iko pale pale. "Imekufa. Ile tina imeniulia pua."

Nikahesabu vidole vyangu. Fundi wa feni akipoteza kidole anabakiwa na tisa. Mpika udi akipoteza pua kabakiwa na nini? Sukari.

Bi Nassra akaliweka kopo chini. Halafu akainuka, akaenda jikoni, na nikasikia maji. Alikuwa anaosha sahani. Sahani ya Silima, ya mwisho, iliyokuja na pweza. Akaifuta kwa kitambaa mpaka ikang'ara. Nikangoja atie visheti. Hakutia. Nikangoja atie walau ndizi. Akaishika vile vile, nyeupe, bila kawa, akaelekea mlangoni.

"Dada," nikamwambia, "umesahau kutia kitu."

"Sikusahau."

Toka nizaliwe sijaona sahani ikirudishwa tupu kwa jirani. Nimeona watu wakitukanana matusi ya nguoni na sahani ikarudi na walau kipande cha mkate wa boflo. Nikamfuata nyuma, bisibisi mkononi, kwa ulinzi. Wa nani, sikuwa nshaamua.

Silima alikuwa anachanganya tina kwenye ndoo. Akazima kompresa alipomwona.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba." Maana salamu ni haki ya Mungu. Lakini "mwanangu" haikufuata. Akaiweka sahani juu ya meza ya kazi, katikati ya maranda.

Silima akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Akaitazama tena, akainama kidogo, kama labda kitu kipo lakini ni chembamba.

"Bi... haina kitu."

"Haina."

"Mama kakukosea?"

"Mama yako hajanikosea, Mungu amlipe kheri. Udi wangu umerudishwa, Silima. Udi wa harusi. Unanuka vitanda vyako. Na pua yangu haisikii tena. Nimevumilia, nimekula pweza, nimenyamaza. Leo nimechoka kunyamaza."

Jamaa akakaa juu ya ubao. Nikadhani atajitetea, atasema riziki, atasema kodi. Akasema kwa sauti ndogo: "Basi na mimi niseme, bi?"

"Sema."

"Vitanda vyangu vimerudishwa. Vinanukia udi wako."

"Ala!"

"Njoo utazame." Akatupeleka kwenye kitanda kilichokuwa katikati ya chumba, kizuri, kimenakshiwa maua. Akawasha taa. Juu ya vanishi yote, madoadoa madogo, kama mtu kakinyunyizia pilipili manga. "Kila nikipuliza, kabla haijakauka, linashuka vumbi. Napiga msasa, napuliza tena, linashuka tena. Nikalinusa. Vumbi linanukia, bi! Nshapita mabaraza mengi ya mafundi, sijaona vumbi linalonukia mawaridi."

Bi Nassra akapitisha kidole. "Jivu," akasema.

"Jivu."

"La chetezo changu."

"Mimi sijasema," Silima akasema upesi.

"Kwa nini hukunambia?"

"Nikwambieje, bi? Mama mtu mzima anafukiza nyumba yake, mimi mtu wa Uroa nimekuja juzi, nimkataze? Ndiyo maana nikamwambia mama atengeneze pweza. Nikasema labda moyo utapoa, utapunguza kupepea."

"Pweza yule alikuwa wa kunambia nisifukize?"

"Wa heshima, bi. Lakini ndani yake... ndiyo."

"Na mimi visheti vyangu," akasema Bi Nassra, "vilikuwa vya kukwambia usipulize."

"Mimi nilivila tu," akasema Silima. Hakuvila vyote, na tarishi mnamjua. Lakini hapo hapakuwa pahala pa kusahihishana.

Sasa ndipo mnapotakiwa kumtazama Munir. Wao wanatazamana, mimi natazama juu, maana jivu halitembei, linaanguka. Nikaangaza dari boriti kwa boriti, na jicho hili lililotafuta kila waya wa mji huu likaona: pembeni ya boriti ya tatu, tundu la ukubwa wa kikombe cha kahawa, walilopitishia waya wa umeme zamani, waya ukatolewa, tundu likaachwa. Mtu mwengine angelitazama mwaka mzima asilione.

"Hapa!" nikapiga kelele.

Bi Nassra akainua kichwa. "Chetezo changu kipo hapo hapo juu, na miwani yangu haikunionesha tundu."

Ikawa wazi kama mchana. Tina inapandia tunduni. Yeye anakaa juu yake anapepea makaa, jivu linashukia tunduni. Jivu linaharibu kitanda, Silima anapuliza upya, tina inazidi, na yeye anazidisha kupepea. Walikuwa wanalishana, na hawajui kuwa wanalishana.

Halafu sote watatu kwa pamoja tukaona kitu kimoja. Chini ya tundu lile, wima kabisa, ilikuwa ndoo ya tina, wazi, haina kifuniko. Na juu, kwa miezi yote ile, makaa ya moto.

"Mungu katusitiri," akasema Silima. Akaifunika ndoo kwa ubao.

Bi Nassra akakaa juu ya ule ubao, karibu naye. Kwanza nikadhani analia. Anacheka. Anacheka mpaka buibui linamwanguka mabegani, na Silima naye akaanza, na mimi nikacheka. "Pweza!" anasema Bi Nassra. "Visheti!" anasema Silima. Waliopita uchochoroni walichungulia, wakaendelea na njia zao.

Tundu nililiziba mimi siku ile ile. Nilichanganya chokaa na mchanga, nikaisukuma ndani kwa mkono huu. Nyumba ikianguka kesho, kile kizibo kitabaki hewani peke yake. Lakini Bi Nassra alisema kweli kuwa harufu itatafuta njia nyingine, ngazi ipo, madirisha yapo. Silima mwenyewe ndiye aliyepata dawa. Hoteli anazozihudumia ziko pwani ile ile ya kwao. Alikuwa anachukua mbao mjini, anatengeneza mjini, anapuliza mjini, kisha anavirudisha vitanda Uroa vikiwa tayari. "Nitavipeleka vikavu," akasema. "Nitapulizia uwanjani kwa mama. Upepo wa Uroa upo siku zote, unakaa bure." Na kesho yake gari likaja, likavibeba, na kompresa, na ndoo, na hapa Kiponda pakabaki patasi na maranda. Maranda yananukia vizuri, mimi husema hivyo.

Ikabaki pua.

Bi Nassra alifungua madirisha yote. Hakupika kitu. Jumamosi akanusa karafuu: maji. Jumapili akanusa ndimu: maji. Hakuniambia, lakini nilimwona ameiweka ndimu ile mkononi kutwa, kama tasbihi. Jumatano ilikuwa inakuja na yeye hawezi kuwasha jiko, maana utapikaje usichokisikia? Nikapanda kila asubuhi kumtazama. Nikawa mpole. Hata feni nilizisafisha bila ya kuulizia chai.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nimepanda ngazi, ndiyo kwanza nafika kizingitini, sijasema hata hodi.

"Munir!"

"Naam?"

"Shati hilo umelala nalo?"

Nikasimama. "Nimelala nalo. Jana na juzi."

"Na dagaa?"

"Dagaa nilikula usiku."

"Waliungua."

"Waliungua kidogo, dada, mke wangu alikuwa—"

Sikumaliza, maana kashanishika shati kwa mikono miwili, ananusa kola, ananusa mkono, anasema "Jasho! Grisi! Dagaa!" kama anayehesabu dhahabu, na machozi yanamtoka. Sijapata kusifiwa hivyo maisha yangu yote. Halafu akanisukuma nje, akafunga mlango, na baada ya kitambo nikasikia mwiko unagonga sufuria. Anapika.

Jumatano Bi Mashavu alikuja. Akapanda ngazi bila ya kusema, akakaa bila ya kuvua buibui, akapokea kopo. Mimi na Silima tulikuwa mlangoni tumebanana. Bi Mashavu akafungua. Akaingiza pua. Akakaa nayo mle ndani muda ambao ningeweza kufungua feni na kuifunga. Bi Nassra alishika ukingo wa mkeka.

Bi Mashavu akainua uso. Macho yamelowa.

"Ule ule," akasema. "Wa mama yako. Ule niliotolewa nao mimi."

Bi Nassra alipumua. Nadhani alikuwa hajapumua tangu ule wa kwanza urudishwe. Na Silima, mtu mzima, seremala, akashuka ngazi mbio akaja na sahani, na safari hii pweza yule alikuwa hana neno lolote ndani yake. Tulikula sote wanne. Bi Mashavu alikula zaidi ya wote, na mimi nilimfuata kwa karibu.

Haya nnayaandika hapa hapa ukumbini kwake, na kila kipande nnamsomea kwa sauti, maana miwani yake haioni na anataka kuhakikisha. Mpaka sasa kanyamaza, anaponda sandali. Basi nimalizie harusi. Ijumaa ile, Kiembe Samaki, Shadya akafukizwa nguo, akafukizwa nywele, na chetezo kilipofunguliwa moshi ule ukatoka dirishani, ukapita juu ya mabati, watu wakatoka majumbani, vilio vya watoto vikanyamaza, ukafika mpaka uwanja wa ndege, na ndege iliyokuwa inatua, rubani akateremsha kioo, akatoa kichwa, akauliza jamani huku chini leo anaolewa na—

"We Munir! Rubani gani anayeteremsha kioo? Futa hiyo. Andika bibi arusi alinukia, na mama yake akanikumbatia mbele za watu. Mimi lanitosha hilo. Futa, nakuona, hujafuta!"